Kioo cha Mlima na Kioo cha Pumzi



Siku moja ya kiangazi tuliwachukua wanafunzi wetu kwenda kuona Daraja la Mungu, lile jiwe la moto wa kale lililotanda juu ya mto Kiwira. Njiani, palipokatwa ukingo wa barabara, tuliona vijiwe vyepesi vyenye matundu, kama vile tusuguliavyo nyayo. Tukatia kimoja katika kibuyu cha maji, kikaelea. Tukawaambia, "Hiki ni kioo." Wakacheka.

Lakini ni kweli. Yapata miaka 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulipasuka, ukarusha mawe yaliyoyeyuka. Mvuke uliomo ndani ukayaumua kama unga wa mkate, nayo yakapoa upesi, yakawa povu la kioo.

Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, na kioo cha chupa je? Nchi yetu ilikuwa haikijui mpaka walipokuja Wazungu wa misioni?" Swali hilo lilituchoma, kwa maana wengi hudhani hivyo.

Basi tukawaeleza. Zamani za Warumi mafundi walitwaa mchanga wa pwani, kama ule wa mto Belus karibu na Akko, wenye chembe za makombe, wakauchanganya na magadi ya Misri na kuuyeyusha katika tanuru. Hapo kwanza vichupa vilifanyizwa kwa taabu, kioo kikizungushiwa kiini cha udongo. Karibu na mwaka 50 kabla ya Kristo, mafundi wa Shamu na Palestina walivumbua kukipuliza kwa mrija. Pumzi chache zikatoa kichupa cha marhamu, hata mtu wa kawaida akaweza kukinunua.

Kioo kilifika na kwetu. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, chataja vitu vya kioo kati ya bidhaa zilizoletwa pwani hii, hata bandari ya Rhapta. Zikatoka pembe za ndovu, vipusa na magamba ya kasa. Tena mwaka 1999 Profesa Felix Chami alitangaza habari za ushanga wa kioo uliochimbuliwa upande wa Rufiji, aliotambua kuwa wa Kirumi.

Hatusemi kwamba ushanga huo ulifika Kiwira. Twasema tu kwamba nchi hii haikukaa nje ya dunia ikingoja kuitwa.

Tuliporudi, yule kijana alikuwa amekifunga kijiwe chake katika leso. Basi, wazazi na walimu, mtoto akiwauliza kama alivyotuuliza, msimjibu kwa haraka.