Bibi na Mwiko Wake

Sisi wa usharika mdogo huku Newala tulidhani tunajua kuhudumia wagonjwa. Bibi mmoja, mwanakwaya mwenzetu, aliteleza akiwa na ndoo ya maji, akavunjika mkono wa kulia karibu na kiganja. Alipofunguliwa hogo tulimwombea, kisha tukapangiana zamu: huyu amchotee maji, yule amsongee ugali, mwingine amfulie. Tukamwambia, "Pumzika, bibi. Sisi tupo."

Miezi miwili baadaye vidole vilikuwa vimekakamaa. Hata kujifunga kanga hakuweza. Tukashuka naye Masasi, kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wataalamu wa namna hii hufundishwa KCMC Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema.

Kijana yule hakuanza na mkono.

"Shikamoo, bibi. Nyumbani unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Sifanyi kitu, mwanangu. Wananifanyia."

Akatugeukia. "Baba mchungaji, mnampenda. Lakini kiungo kisichotumika hukaza, na misuli yake husinyaa."

Dawa aliyompa ilikuwa kazi, tena kwa kipimo: kukamua kitambaa chenye maji, kuchambua maharage, kutenganisha korosho na bibo. Mpini wa mwiko aliuviringishia kitambaa uwe mnene, ili vidole vidhaifu viushike.

Tulirudi tukiwa tumenyamaza. Tuliwahi kuhubiri mara nyingi juu ya mtu mwenye mkono uliopooza katika sinagogi, lakini tulikuwa hatujaona jambo moja: Injili ya Marko haisemi kwamba Yesu aliushika mkono ule. Alimwagiza mwenyewe aunyoshe. Uwezo ulitoka kwa Bwana, na mtu yule akapewa heshima ya kuunyosha. Sisi, kwa upendo wetu, tulikuwa tumemnyima bibi heshima hiyo.

Zamu hatukuzifuta. Sasa tulikwenda kukaa naye jikoni akisonga mwenyewe, polepole, mara nyingine kwa machozi. Kumtazama kulikuwa kugumu kuliko kumsongea.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, alileta madhabahuni bakuli la korosho alizookota kwa mkono ule. Ngumi yake bado haifungi sawasawa. Tulinyoosha mikono tumpokee bakuli, akakataa.

"Acheni," akasema. "Nitaliweka mwenyewe."