Siku tulipomwacha mwenzetu Ngomo



Wadogo zetu wa mwaka wa tano wanataka kufufua kilabu ya pikipiki, na bwana mhariri ametuomba siye wa zamani tuandike kidogo juu ya safari yetu ya tarehe 13 Julai 2019. Tulikubali mbio mbio, halafu tukatazamana. Kwani safari ile tumezoea kuisimulia upande mmoja tu, ule wa kuchekesha. Leo tutajaribu kusema yote.

Tulikuwa watu 14 kwa pikipiki 9: walimu wawili, fundi wa garaji aliyekuwa mkubwa wa kilabu, na sisi tuliokuwa tumemaliza mtihani wa Serikali siku zile. Haikuwa mashindano. Tulitaka kushuka toka Bukavu mpaka Kamanyola kwa njia ya Nyangezi, kula pamoja, kupiga foto, na kurudi mbele ya giza. Esanse kila mtu alijilipia. Pesa ya chakula tulichanga.

Asiyepita Ngomo tumwelezee. Ziwa Kivu liko juu, kama metre 1.460. Ziwa Tanganyika liko chini, kama metre 770. Mto Ruzizi unatoka ziwa la juu kwenda la chini, na ndiyo sababu watu walijenga mitambo ya umeme juu yake. Barabara nayo lazima ishuke, na sehemu kubwa ya kushuka inaifanya pale Ngomo: mlima upande mmoja, shimo upande wa pili, na kona juu ya kona. Ukiangalia chini unaona ile njia utakayopita nusu saa ijayo, nyembamba kama kamba. Wakati ule wasafiri wengi wa Uvira walipendelea kuzunguka upande wa Rwanda, kwenye lami. Siye tulitaka kona.

Mwalimu wa fizikia alitufundisha asubuhi, mbele ya kuondoka. Alisema: « Musishuke na mguu juu ya freni. Freni ikipata moto sana haishiki tena. Tieni vitesi ya pili, mashini yenyewe itawazuia. » Hilo tulilishika vizuri, hakuna aliyeanguka. Fundi naye alitoa sheria yake moja: kila mtu anamchunga yule wa nyuma yake. Usipomwona kwa kioo, simama. Wa mbele yako hatakuona, naye atasimama, na hivi hivi mpaka wa kwanza. Sheria nzuri, kweli. Haiombi simu wala filimbi.

Lakini ilikuwa kiangazi. Wanaojua Julai yetu wanajua vumbi. Kutoka Nyangezi kila pikipiki iliacha nyuma wingu jekundu, na wa nyuma anakula vumbi la wote. Kwa haki, wa mwisho alipaswa kuwa fundi, mwenye funguo na vyombo. Lakini fundi alitaka kuongoza, na sisi wengine, tuseme tu ukweli, hakuna aliyetaka. Nafasi ile tulimpa mwenzetu mmoja mnyamavu, aliyepanda pikipiki ya kuazima ya mjomba wake. Shene yake ilikuwa imelegea, tuliiona sote pale Nyangezi tulipokunywa chai. Mmoja wetu alisema: « Itafika tu. » Hatumtaji, maana kila mmoja wetu angeweza kuisema.

Basi tukashuka. Ee, ilikuwa tamu! Hewa ya baridi inageuka joto kidogo kidogo, migomba inapungua, halafu bonde lote la Ruzizi linafunguka mbele yako. Kila mtu aliacha nafasi kubwa kwa sababu ya vumbi, na kioo kikionyesha wingu tupu tulijiambia: yuko ndani ya wingu. Wa nane alifikiri hivyo juu ya wa tisa. Wa saba aliona wa nane anakuja, akaridhika.

Kamanyola tulifika saa tano na nusu. Tukapiga foto, tukionyeshana kwa kidole huku Rwanda na kule Burundi, maana pale inchi tatu zinakaribiana. Mama wa mkahawa akaleta bugali, sombe na ndagala. Mwalimu mmoja akaomba, akashukuru kwa kuwa sote tumefika salama. Tukasema Amina, tukanawa, tukala. Ni yule mama aliyetuuliza, sahani moja mkononi: « Hii ya nani? Mulisema watu 14. »

Ile kimya hatujaisahau.

Fundi na mwalimu wa fizikia walipanda tena mlima bila kumaliza chakula. Walimkuta katikati ya Ngomo. Shene ilikuwa imekatika ndani ya kona, na lori la mizigo lilikuwa linashuka nyuma yake likipiga honi. Wanawake wawili waliobeba mihogo walitupa mizigo yao chini wakamsaidia kusukuma pikipiki mpaka ukutani kwa mlima, halafu wakakata matawi na kuyatandika njiani ili madereva waone. Walimpa na muhogo wa kutafuna. Wao hawakuwa wanachama wa kilabu yoyote.

Hakupiga kelele. Aliwauliza tu: « Mulikuwa mumeshakula? » Fundi alijibu ndiyo. Baadaye alituambia kwamba angependa kupigwa kuliko kuulizwa vile.

Shene waliifupisha na kuifunga kwa kipande cha waya, wakafika nasi saa tisa. Mama alikuwa amefunika sahani ile. Tulimzunguka akila, hakuna aliyejua la kusema, na sahani ilikuwa imepoa.

Wakati wa kurudi mkubwa wa kilabu alisema: « Sasa mimi ndiye wa mwisho. » Mwenzetu akajibu: « Sawa, yaya. Na mimi wa kwanza. » Akatuongoza polepole sana juu ya ile shene ya waya, na giza likatukuta mbali na Bukavu. Hakuna aliyempita.

Jumatatu mwandishi wa kilabu alisoma ripoti: pikipiki 9 ziliondoka, pikipiki 9 zilirudi, chakula kilikuwa kizuri. Mwenzetu aliinua mkono, akaomba iongezwe kwamba 8 zilifika Kamanyola saa tano na nusu, na moja saa tisa. Tulipiga kura. Iliongezwa. Daftari lile liko kwa fundi, wadogo zetu wanaweza kwenda kulisoma.