Seiffen, kijiji kilichoanza na mawe kikaishia kwenye miti

Juma hili tunawapeleka mbali, katika kijiji kidogo cha milimani huko Ujerumani kinachoitwa Seiffen. Kinakaliwa na watu wapata elfu mbili, na kiko katika jimbo la Sachsen, karibu kabisa na mpaka wa Jamhuri ya Cheki. Kimepita kidogo mita 600 juu ya bahari. Goma yetu iko juu kuliko hapo mara mbili, lakini kule wakati wa baridi theluji inafunika paa za nyumba na misonobari.

Milima hiyo inaitwa Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini. Hata jina Seiffen limetoka katika kazi ya kuosha mchanga wa mto ili kupata bati. Jiwe walilolitafuta ni lile lile tunalolijua huku Kivu: kasiterite. Jina la kijiji lilionekana katika maandishi tangu mwaka wa 1324. Kwa miaka mamia, baba walishuka chini ya ardhi na familia zikala kwa bati.

Kisha jiwe likaanza kupunguka. Watu wa Seiffen hawakungoja liishe. Wachimbaji walianza kukereza miti: sahani, vifungo, halafu vitu vya watoto kuchezea. Magurudumu ya maji yaliyokuwa yakivunja mawe yakafanywa kuzungusha mashine za kukereza. Machimbo yalipofungwa mwaka wa 1849, kazi ya mikono ilikuwa tayari nyumbani.

Wana ufundi mmoja wa ajabu. Fundi anatwaa kipande cha gogo bichi na kukikereza kiwe kama pete kubwa. Ukiitazama pete hiyo, huoni mnyama. Lakini akiipasua kwa kisu na nyundo, namna tunavyokata keki, kila kipande kinatoka na umbo la ng'ombe, farasi ao tembo.

Lakini tusidhani kwamba maisha yalikuwa mepesi. Baba alikereza, mama alichonga, akagundisha na kupaka rangi, na watoto walikaa mezani pamoja naye mpaka usiku. Wachuuzi walinunua kwa bei ya chini, basi ilibidi kutengeneza vingi sana ili kupata chakula. Watoto wadogo walitengeneza vitu vya kuchezea bila kupata wakati wa kucheza. Ni mwaka wa 1903 tu Ujerumani ilipotoa sheria iliyoanza kuweka mipaka hata kwa kazi ya watoto nyumbani kwa wazazi wao.

Leo vijana wanajifunza ufundi huo shuleni, pale pale Seiffen, na wageni wanakuja kununua. Wakati wa Noeli madirisha yanawaka. Zamani mchimbaji aliondoka kabla jua halijachomoza na kurudi limekwisha kuzama, na taa ilikuwa furaha yake. Kwa desturi, familia inaweka dirishani malaika mmoja wa mti kwa kila binti na mchimbaji mmoja kwa kila mvulana, kila mmoja akishika mshumaa. Mpita njia anahesabu watoto wa nyumba kutoka barabarani.

Mwaka wa 2019 UNESCO iliandika milima hiyo, upande wa Ujerumani na wa Cheki, katika urizi wa dunia.

Wamama, wengi wetu tunapika, tunauza ao tunabeba mizigo karibu na machimbo. Jiwe halioti tena likiisha kutolewa. Katika mkutano wenu wa juma hili, ulizaneni: ni kazi gani ya mikono tunaweza kuanza sasa, jiwe likiwa bado lipo? Na tuifanye namna gani ili watoto wetu wabaki shuleni?

Juma jema kwenu nyote.