Ukialikwa sikukuu pwani ya kusini, ubebe nini?

Mpenzi msomaji, mwezi wa Desemba ukiingia, barabara ya Mombasa hujaa magari ya watu wanaotoka bara kwenda kupumzika pwani. Wengi huishia kisiwani, au hupinda kaskazini kuelekea Nyali na Malindi. Lakini wapo ambao safari yao huvuka Likoni na kuteremka kusini, hadi Tiwi, Diani, Gazi na Msambweni, kwa kuwa huko ndiko waliko wakwe zao, ndugu zao ama marafiki waliowaalika kula sikukuu pamoja. Ikiwa wewe ni miongoni mwao, makala haya yanakuhusu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hakuna apendaye kuingia nyumba ya watu bila kitu, hasa akiwa na watoto watatu ambao watakula asubuhi, mchana na jioni. Basi ubebe nini? Wengi wetu hujibu swali hili kwa kutazama mfuko wetu na yale tuyapendayo sisi wenyewe. Afadhali uanze upande wa pili. Jiulize ni nani watakaoketi mkekani, chakula kitakaa njiani saa ngapi, na kule uendako tayari kuna nini.

Tuanze na watu. Kwale ni kwao Wadigo na Waduruma, na wapo pia Wakamba waliofanya makao Shimba Hills, Wamakonde, Wapemba na wengine wengi. Wadigo, ambao ndio wengi katika vijiji vya ufuoni, aghalabu ni Waislamu. Siku hizi si ajabu kumkuta bwana wa Msambweni ameoa Taita au Murang'a, na sikukuu ikifika ndugu wa pande zote mbili hukutana ua mmoja. Hapo ndipo chungu cha mgeni kinapoweza kuleta furaha au kimya.

Chukua mfano wa nyama. Umeamka alfajiri ukakaanga kuku wanne, ukawafunga vizuri, ukafika nao kwa fahari. Mwenyeji atakupokea kwa tabasamu na kukushukuru, maana watu wa pwani hawana desturi ya kumwaibisha mgeni. Lakini kama hajui ni nani aliyewachinja kuku hao, wazee watakula wali kwa mchicha na kuwaacha kuku wako kando. Hakuna atakayekwambia neno. Wewe utarudi nyumbani ukidhani kwamba walikuwa wameshiba, kumbe mama mkwe na mashemeji hawakuonja jasho lako. Hali ni hiyo hiyo kwa soseji za nguruwe, keki iliyotiwa pombe, na hata sufuria iliyowahi kupikiwa nguruwe.

Njia ya kuepuka jambo hili ni rahisi. Nenda na kuku au mbuzi akiwa hai, umkabidhi mwenyeji amchinje mwenyewe, au nunua nyama Ukunda kwenye bucha ambayo mwenyeji amekuelekeza. Na hata kama waliokualika ni Wakristo, kumbuka kwamba majirani wao watakuja kuwapa mkono wa sikukuu, nao watataka kula bila wasiwasi.

Kuna neno jingine kuhusu kuuliza. Ukipiga simu ukasema, "Shemeji, tuje na nini?" jibu ni moja tu: "Njooni tu, kila kitu kipo." Jibu hilo ni la adabu, halikusaidii kupanga kikapu. Uliza hivi: "Tutakuwa watu wangapi? Wali anapika nani? Samaki mmeshaagiza?" Tena mwulize mama anayeshika mwiko, usimwulize bwana peke yake. Mama huyo ndiye ajuaye kwamba mchele hautatosha au kwamba sukari imekwisha.

Sasa tuje kwenye safari. Kutoka Likoni hadi Ukunda si mbali, na hadi Msambweni ni yapata kilomita 50. Kinachochosha ni foleni ya magari kivukoni wakati wa sikukuu, ambapo gari linaweza kukaa juani muda mrefu kabla ya kuingia feri. Watokao Nairobi sasa wana barabara ya Dongo Kundu, ambayo huanzia Miritini na kutokea kusini bila kupanda feri. Hata wanaosafiri kwa gari moshi la Madaraka Express, lililoanza kazi mwaka wa 2017, hushukia Miritini na wanaweza kuchukua gari kupitia njia hiyo. Hata hivyo, tangu asubuhi ulipofunga sufuria hadi utakapoifungua Msambweni, saa nyingi zitakuwa zimepita, na kaskazi hupiga joto kali.

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa mahali pa baridi, na kwamba kinachohifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5 za joto ama juu ya nyuzi 60. Ndani ya buti la gari hupati lolote kati ya hayo mawili. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, saladi zenye maziwa na vyakula vya mayai huchacha upesi sana, na wa kwanza kuugua huwa ni watoto na wazee. Kwa hivyo chochote chenye tui kipikwe huko huko. Ikiwa ni lazima ubebe kitu cha kula njiani, chukua mahamri makavu, chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, njugu, ndizi na machungwa.

Je, uwapelekee nini wenyeji? Wapelekee vitu vya bara ambavyo huko hupatikana kwa bei ya juu, na ambavyo haviharibiki njiani. Mchele wa pishori kutoka Mwea utapokewa kwa vigelegele, maana ndio wa pilau na biriani. Majani chai ya Kericho, asali ya Kitui, viazi, vitunguu, karoti, kabichi na parachichi ambazo hazijaiva sana, vyote hivi ni zawadi za kumfaa mama jikoni. Mfuko wa kilo kumi za mchele unaweza kuonekana zawadi ya kawaida mno, lakini ndio utakaowalisha watu siku ya pili, wakati vyakula vya fahari vimekwisha.

Kwa upande mwingine, usibebe samaki kutoka bara, wala usinunue nazi Nairobi. Msimu wa kaskazi bahari hutulia na wavuvi hutoka kwa wingi. Nenda Gazi, Mkunguni kule Msambweni, au Shimoni, mashua zinaporudi, ukanunue changu, tafi, nguru au pweza. Tazama macho ya samaki kama yanang'aa, na matamvua yake, yaani mashavu anayopumulia, kama ni mekundu. Jodari, nguru na vibua hasa wasikae juani, kwa maana hutengeneza sumu isiyoondoka hata wakipikwa, nayo humletea mlaji mwasho, maumivu ya kichwa na kutapika. Bunju usimguse kabisa, kwani sumu yake huua. Kama hujui kuchagua, wafuate akina mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki ufuoni na kuwakaanga, wakusaidie. Wao wamefanya kazi hiyo miaka mingi, na shilingi utakazowapa zitawafaa watoto wao.

Maembe nayo ni msimu wake, na korosho utazikuta zikiuzwa kando ya barabara. Nunua huko huko ukaribia kufika.

Kuhusu vinywaji, dafu halina mpinzani. Agiza mapema, dafu moja kwa kila mtu na machache ya ziada, yaanguliwe asubuhi ile ile. Juisi ya ukwaju au ya mabungo hutengenezwa kwa gharama ndogo, na tangawizi kidogo huipa nguvu. Wazee wengi watafurahia zaidi kahawa chungu, kwa hivyo pakiti ya kahawa nzuri kutoka bara si zawadi ya kudharau. Usisahau maji ya kunywa. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na watoto wasioyazoea huyakataa. Mitungi miwili mikubwa ya maji safi itatosha siku ya kwanza, nawe utakuwa umempunguzia mwenyeji safari ya kisimani.

Pombe je? Ni kweli kwamba Diani ina mahoteli na mabaa, na mnazi hugemwa katika vijiji vingi vya pwani. Lakini katika ua wa mzee Mwislamu, chupa ya bia ni matusi hata kama umeificha ndani ya kikapu. Mwenye haja nayo akanywee hotelini, kisha asirudi kuketi na wazee akiwa analewalewa. Mnazi nao hauvumilii safari: uliogemwa asubuhi ni mtamu, ifikapo jioni umekuwa mkali.

Huenda siku moja mkaamua kula ufuoni Diani. Hapo mna jamaa wengine wasioalikwa, yaani tumbili, kima na nyani. Funika vyakula katika vyombo vyenye vifuniko imara na usiwarushie hata ganda la ndizi, kwani wakizoea kulishwa huwanyang'anya watoto chakula mikononi. Soda za chupa ziacheni nyumbani, kwa sababu kigae mchangani hukata miguu. Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 sahani, vikombe, mirija na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja hazikubaliwi katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa. Nenda na kikapu cha ukindu, sahani za bati na vikombe vya nyumbani. Vikichafuka, huoshwa.

Mwisho, msomaji, usiibebe karamu nzima peke yako. Mgeni njoo, mwenyeji apone: watu huponywa na kile walichokuwa hawana, na pia na mkono wa mgeni unaokuna nazi, unaochambua mchele na unaoosha masufuria baada ya kula. Kwa hivyo ukishateremsha mchele na maji, vua viatu, funga leso yako kiunoni au kunja mikono ya shati, uingie jikoni uulize kazi iko wapi. Nakutakia safari njema na sikukuu yenye afya.