Vilango Viwili

Mama, aliyesafiri kutoka Lamu kwa ajili ya siku hiyo, alisubiri daktari akamilishe maelezo, kisha akamgeukia bintiye. "Kasemaje, mwanangu?"

Daktari alikuwa amezungumza Kiingereza. Binti, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, alitafuta istilahi. Neno vali lilimjia, na kilango likamjia pia. Alilipendelea la pili.

"Moyo una vilango vinne, mama. Vyangu viwili ni vibovu."

Maradhi yalikuwa yameanzia kooni, utotoni. Maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria, yasipotibiwa kwa penisilini, huweza kuzua homa ya baridi yabisi, nayo huufanya mwili ujishambulie na kuacha makovu katika vali. Ni nyumba ngapi ambamo koo la mtoto hutibiwa kwa maji ya chumvi tu! Vali ya mitrali, iliyo baina ya vyumba viwili vya kushoto, ilikuwa imebana. Ya aota, inayotoa damu kwenda mwilini, ilikuwa ikivuja.

"Basi watengeneze kimoja kwanza, tuone."

Rai hiyo ingefaa nyumba, si moyo. Kilango cha ndani kikibana, damu ifikayo chumba cha chini hupungua, na ubovu wa kilango cha nje huweza kujificha. Kikifunguliwa cha ndani pekee, cha nje hulemewa. Fauka ya hayo, kifua kilichowahi kupasuliwa huwa na makovu, na kukipasua upya ni hatari zaidi. Kuvitibu vyote pamoja nako kuna hatari yake: moyo husimamishwa kwa muda mrefu zaidi, mashine ikisukuma damu.

"Moyo usimamishwe?" Mama hakuongeza neno.

Lililobaki ndilo lililokuwa zito. Tangu 1960, Albert Starr alipofaulu kubadilisha vali ya mitrali huko Portland, Marekani, vali bandia zimeokoa wengi. Ya kimashine hudumu, lakini humlazimu mwenyewe kunywa warfarini maishani mwake mwote, dawa iwezayo kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ya tishu ya mnyama kwa kawaida haihitaji dawa hiyo daima, ila kwa kijana huchakaa mapema, kifua kikafunguliwa tena. Kwa hivyo daktari aliuliza kama binti anatarajia kuzaa. Alijibu kwa Kiingereza, upesi upesi, macho yakiwa sakafuni.

"Kasemaje?"

Istilahi zote alikuwa nazo.

"Ameniuliza umri wangu, mama."