King'ora Kililia, Watoto Wakaendelea Kuuchapa Usingizi

Sauti yake Mwanza nzima inaijua. Asubuhi akiwa hewani, bodaboda wa Buzuruga wanaongeza sauti ya redio na kina mama wa samaki Kirumba wanacheka wenyewe. Basi mtangazaji huyo alipogoma kulipa ada ya dei kea moja ya kishua, mtandaoni hakuonewa huruma. Wakasema anatafuta kiki.

Kumbe ishu ilikuwa king'ora cha moto.

Alipita kituoni saa nane mchana kumwona mwanaye wa miaka mitatu. Watoto wote wamejilaza kwenye magodoro. Juu darini kuna kitambua moshi, kipya kabisa. Akaomba kijaribiwe. Kikalia mpaka walezi wakaziba masikio. Watoto je? Mmoja aligeukia upande wa pili, akaendelea kulala. Wengine kimya.

"Mashine ni nzima dada'angu, si umeisikia?" akasema mwenye kituo.

"Nimeisikia mimi, madam. Mwanangu hajaisikia."

Waliomcheka hawajui kwamba Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, kilishalifanyia utafiti jambo hilo. Watoto 34 walijaribiwa mara kadhaa kwa king'ora wakiwa usingizini, na 27 hawakuamka hata mara moja. Kilichowaamsha vizuri zaidi ni mlio mzito uliochanganywa na sauti ya mwanamke.

Maana yake king'ora kinamwita mlezi. Mtoto anaamshwa na mtu. Kama mlezi naye kasinzia, au yuko nje anachati, au mlango wa nondo umefungwa na ufunguo uko kwenye pochi ya bosi, kelele zote zile ni kazi bure.

Na moto hausubiri. Hermosillo, Mexico, tarehe 5 Juni 2009, ulianzia kwenye ghala la jirani wakati watoto wa dei kea wamelala mchana. Kuna mtu alilazimika kubomoa ukuta kwa gari lake ili watolewe. Watoto 49 walifariki. Hapa kwetu, ng'ambo ya ziwa mkoani Kagera, Septemba 2020 bweni la shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, liliungua usiku. Wanafunzi 10 hawakutoka. Kupiga 114 ni lazima, lakini kwa vituo vilivyojibanza kwenye vilima vya mawe, ambako hata bajaji haipandi, gari la zimamoto litaishia barabarani.

Mwenye kituo akaja na wazo: dada arekodi ile sauti yake, ifungwe kwenye spika.

Akakataa. "Siku ya moto mimi nitakuwa redioni. Watakaowaamsha ni nyie."

Ada ililipwa baada ya mambo kubadilika. Sasa mlezi mmoja halali watoto wanapolala, na ufunguo hautoki mlangoni. Nje imetundikwa ringi ya gari, na mgongo wake wa moto haufanani na ule wa uji. Kila Ijumaa wanafanya zoezi: walezi wanawaita watoto kwa majina, wanawabeba wadogo, kisha wanawahesabu chini ya mwembe.

Mzazi, kituo cha mwanao unajua rangi ya sare, bei ya ada na menyu ya Jumatano. Saa nane mchana nani yuko macho?