Njombe, shamba lenye kila kitu isipokuwa muda

Mgeni anayeshuka basi Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya, hugundua jambo moja kabla hata hajachukua begi lake: sweta aliyobeba haitoshi. Kutoka hapo hadi Njombe mjini ni takribani kilomita 60 za lami, na baridi huongezeka kadiri unavyosogea. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai watu hushinda na makoti, na salamu ya "Kamwene" asubuhi hutoka mdomoni pamoja na mvuke.

Bodaboda ikiacha lami na kuingia kwenye udongo mwekundu, inakuja ile picha ambayo wazazi wengi wa Dar es Salaam na Dodoma hukaa nayo kichwani siku wanaposema wamechoka na mji. Nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati. Jiko limejengwa pembeni, peke yake. Nyuma yake kuna miparachichi, banda la ng'ombe mmoja wa maziwa, nguruwe wawili, na kuku wanaojitafutia. Mbele ni mahindi, maharage na viazi mviringo. Chini bondeni kuna vinyungu, yaani bustani za kwenye unyevu ambazo hulimwa kiangazi, mvua ikishakatika. Hakuna foleni wala kodi ya nyumba, na usiku kimya ni kikubwa kiasi kwamba mbwa wa kijiji cha pili husikika.

Maisha rahisi haya, mgeni husema. Wenyeji hucheka kwa heshima, halafu humpa kiti akae karibu na moto.

Chakula kipo kweli. Njombe, Iringa, Rukwa na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya nchi. Malori ya viazi yanayoingia masoko ya Dar es Salaam usiku hutoka huku. Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulipopima watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima, matokeo yaliwashangaza wengi. Kitaifa, asilimia 30 ya watoto walikuwa wamedumaa. Njombe ilikuwa takribani asilimia 50. Rukwa vilevile. Iringa, jirani wa mlango wa pili, ilikuwa karibu asilimia 57. Dar es Salaam, ambako hata mchicha hununuliwa, ilikuwa chini ya asilimia 20.

Kudumaa si kukonda. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu ya duara na kucheza uwanjani kama wenzake. Ni mfupi tu kuliko umri wake unavyotaka, na ufupi huo ni dalili ya nje ya jambo lililotokea ndani: katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba ilipotungwa hadi anapotimiza miaka miwili, mwili na ubongo havikupata vya kutosha, au vilipotezewa na maradhi ya mara kwa mara. Baada ya umri huo, sehemu kubwa ya kilichopotea hairudi. Huonekana baadaye darasani, na kwa mtoto wa kike huonekana tena siku anapojifungua, kwa kuwa nyonga ndogo huleta uchungu pingamizi.

Jibu linalotolewa haraka vijijini ni kwamba ufupi ni wa ukoo. Babu alikuwa mfupi, baba mfupi, mtoto atoe wapi urefu? Jibu hilo linafariji, ila halisimami. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji vilivyotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolelewa katika mazingira mazuri na kunyonyeshwa ipasavyo. Hadi umri wa miaka mitano, watoto hao walikua kwa namna inayofanana sana. Tofauti za ukoo zipo, lakini haziwezi kueleza nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Basi tatizo liko wapi, kama ghala limejaa? Ifuate siku moja ya mwezi Januari, wakati wa palizi.

Saa 11 alfajiri mama wa nyumba anawasha moto katikati ya mafiga matatu. Juu yake, kwenye dari la jiko, yamepangwa mahindi yaliyobaki ya mwaka jana. Moshi huyakausha na kufukuza wadudu, na ukavu huo huwakinga pia dhidi ya sumukuvu wale watakaokula. Ni ghala la akili sana, lisilohitaji dawa ya dukani. Pembeni, sakafuni, simbilisi wanatafuna majani wakitafuta joto. Ni wanyama wadogo wasio na mkia, wanaofugwa jikoni katika nyumba nyingi za huku kwa ajili ya nyama. Ila moshi huohuo unaotunza mahindi ndio anaouvuta mtoto aliyefungwa mgongoni. Moshi wa kuni ndani ya nyumba huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo, na katika baridi hii hakuna mama atakayemweka mwanawe nje.

Saa 12 wanakunywa chai kwa viazi vya kuchemsha. Wakubwa wanaondoka kwenda shule. Mama anachukua jembe. Shamba la karibu na nyumba lilishapaliliwa wiki iliyopita, sasa ni zamu ya lile la ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima. Mtoto wa miezi kumi atakwenda naye mgongoni. Wa miaka miwili na nusu atabaki na bibi, au na dada yake wa miaka minane ikiwa ni Jumamosi, pamoja na chupa ya uji wa mahindi. Uji huo ni mwepesi ili unyweke haraka, mweupe, wenye sukari kidogo. Ndio mlo wake hadi mama arudi saa tisa alasiri, akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Halafu kuna maji ya kuchota na majani ya ng'ombe ya kukata. Ugali unaiva saa mbili usiku. Watoto wote wanazunguka sahani moja, na huyu mdogo, anayetafuna polepole, anashindana na kaka zake wenye mikono ya haraka. Mara nyingi anasinzia kabla hajashiba.

Hesabu ya siku hiyo haihitaji daktari. Mtoto wa miezi tisa hadi 23 anatakiwa kula mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na kitu cha katikati kama tunda. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kupokea chakula cha siku nzima kwa mkupuo mmoja usiku. Tena anahitaji angalau makundi matano kati ya manane ya vyakula, maziwa ya mama yakiwemo. Uji mweupe na ugali ni kundi moja, hata ukila debe zima. Maharage yanaongeza la pili, mboga la tatu. Yai, maziwa na parachichi vipo hatua kumi kutoka mlangoni.

Vipo, ila vina safari nyingine. Maziwa ya asubuhi huenda kwenye kituo cha kukusanyia. Mayai huenda dukani kubadilishana na sabuni na chumvi. Parachichi aina ya Hass, linaloitwa siku hizi dhahabu ya kijani, huchumwa kwa uangalifu na kusafirishwa hadi Ulaya, na yale makubwa ya kienyeji yakianguka hupewa nguruwe. Si haki kumcheka mkulima kwa hili. Mbolea inataka fedha, madaftari yanataka fedha, na hapa sweta ya shule ni lazima. Lakini kuna kitu hakijakaa sawa pale parachichi lililoiva, laini kiasi cha kupondwa kwa kijiko, linapokwenda bandani huku mtoto wa miezi saba akinyweshwa uji wa maji.

Kizito kuliko fedha ni saa. Mapishi ya mtoto yanataka mtu awepo: wa kupika kidogo kidogo, kuponda, kubembeleza, kulisha na kurudia tena baada ya muda. Hata kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita kunataka mama na mtoto wawe karibu, na jembe huwatenganisha mapema. Ndiyo maana maji na uji huanza mwezi wa tatu au wa nne, si kwa ujinga bali kwa sababu bibi lazima ampe kitu mtoto anayelia.

Na bibi mwenyewe ana hadithi yake. Njombe ndiyo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa mwaka 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi wanaishi navyo, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Dawa zimeokoa wengi, lakini miaka ya kabla ya dawa iliacha nyumba ambazo kizazi cha kati kilipungua, na bibi wa miaka 70 akabaki na jembe, wajukuu na mafiga.

Kuhusu akina baba, panahitaji kusemwa wazi. Wanaume wa huku hufanya kazi ngumu. Huvunja mashamba na kupasua mbao, wengine huondoka miezi mingi kutafuta vibarua mikoa mingine. Ila kazi ya kiume ina mwisho wake saa fulani, na miezi ya mvua ndiyo miezi ambayo mianzi hutoa ulanzi. Maji, kuni, moto na mtoto havina saa ya kufunga, na vyote vimeandikwa jina la mtu mmoja. Kijiji ambacho baba akibeba ndoo kichwani watu hugeuka kumtazama hakiwezi kushangaa mtoto akilala na njaa huku unga upo.

Mambo yanaanza kusogea, polepole. Kila robo mwaka hufanyika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo watoto hupimwa uzito, urefu na mzunguko wa mkono, na akina mama hupika pamoja. Cha kupendeza ni kwamba hakuna kigeni kwenye sufuria hizo. Maharage yaliyochemshwa na kupondwa huchanganywa kwenye uji, au karanga iliyosagwa. Dagaa wa Ziwa Nyasa, ziwa ambalo mkoa huu unalifikia kupitia Ludewa, hutwangwa wakawa unga na kunyunyizwa kwenye mboga. Simbilisi mmoja hutosha mlo wa jioni bila kungoja sikukuu, tofauti na nguruwe ambaye akichinjwa lazima auzwe. Figiri, spinachi na karoti hupandwa mlangoni, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, ili mboga isihitaji safari ya bondeni.

Na kuna sahani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii huisisitiza hadi wengine huwatania: mtoto awe na sahani yake. Ni jambo dogo na halina gharama. Lakini sahani ya peke yake humwonyesha mama kilicholiwa na kilichobaki, na humwondoa mdogo kwenye mashindano asiyoweza kushinda. Kaya ambako baba amekubali kuchota maji kwa baiskeli, mama hupata saa moja mchana, na saa hiyo moja mara nyingi ndiyo mlo wa tatu wa mtoto.

Wazazi wa mjini wenye asili ya huku nao wamo kwenye hesabu hii, japo hawajui. Likizo ya Juni wengi huwapeleka watoto kwa bibi wakaone ng'ombe akikamuliwa. Ni safari nzuri, iendelee. Mtoto abebe soksi nzito, na asilale kwenye jiko lenye moshi hata kama ndiko kuna joto. Tatizo ni mizigo. Mgeni huja na soda, biskuti na juisi za boksi, ambazo hazimjengi mtoto yeyote. Siku ya kuondoka hubebeshwa gunia la viazi, parachichi, na boksi la mayai yaliyopangwa ndani ya pumba yasivunjike, ambayo bibi amekuwa akiyakusanya tangu aliposikia wanakuja. Kwa wiki tatu hakuna mjukuu wa pale nyumbani aliyeonja yai.

Kukataa zawadi ya bibi ni kumvunjia heshima, kila mtu anajua. Lakini safari ijayo begi linaweza kubeba dagaa, karanga na sweta badala ya soda. Na mayai yanaweza kupokelewa kwa mikono miwili, yakashukuriwa vizuri, kisha nusu yake yakabaki juu ya meza kwa jina la wajukuu. Bibi atanung'unika kidogo. Halafu atatafuta sufuria.